Taa isiyofunguka ni hasara dukani

MNYUZI, pale reli ya Tanga inapokutana na ile itokayo Ruvu iliyokamilika mwaka 1963, haiko mbali na mitambo ya umeme ya Mto Pangani. Kituo cha Hale kilianza kazi mwaka 1964 kikiwa na megawati 21, na kile cha New Pangani Falls cha megawati 68 kikafuata mwaka 1995. Hata hivyo, umeme unapokatika, mwenye duka wa Mnyuzi hutafuta taa ya kuchaji kama mwenzake wa kijiji cha mbali. Hapo ndipo biashara inapoanza, na hasara pia.

Taa nyingi za bei ya chini zina kasoro ileile. Ndani yake mna betri ndogo ya risasi ya volti 4 na saketi ya kuchajia isiyo na kifaa cha kukata umeme betri inapojaa. Ikiachwa kwenye soketi usiku kucha, betri inachemka na kukauka. Ikiwekwa kabatini bila chaji, nayo inakufa. Balbu zake bado nzima, swichi nzima, lakini taa inatupwa kwa sababu kasha limegundishwa kwa gundi badala ya kufungwa kwa skrubu.

Fundi redio anaijua dawa yake. Hulifungua kasha taratibu, huilehemu betri mpya ya volti zilezile akizingatia chanya na hasi, kisha hufunga kwa skrubu ili safari ijayo isiwe kazi. Anayejaribu nyumbani sharti achomoe waya ukutani kwanza na asubiri kidogo. Taa hizi aghalabu hazina transfoma, hivyo zikiwa kwenye soketi umeme wa volti 230 huwa umefika ndani, na kapasita yaweza kubaki na chaji. Betri ya zamani isitupwe jikoni wala kuchomwa, kwani ina risasi na tindikali.

Suala hili si la fundi peke yake. Chukua mfano wa mwenye duka anayenunua taa 50 kwa shilingi 10,000 kila moja na kuziuza kwa 12,000. Faida ni shilingi 100,000. Wateja 10 wakirudisha taa zao naye akawapa nyingine, faida yote imekwisha, na jina la duka limeingia doa. Upande wa mnunuzi, taa ya shilingi 12,000 inayokufa baada ya miezi minne imemgharimu 3,000 kwa mwezi. Taa ya shilingi 30,000 iliyodumu miaka miwili, ikabadilishwa betri kwa 6,000 na kudumu miwili mingine, imemgharimu 750 kwa mwezi. Cha rahisi ni ghali.

Wazee wa biashara waliuza chemli kwa akili zaidi. Taa yenyewe iliuzwa mara moja, lakini utambi, kioo na mafuta viliuzwa miaka nenda miaka rudi. Kioo kikivunjika, mteja alirudi dukani kununua kingine, hakurudi kugomba. Taa ya leo isiyofunguka imemnyima muuzaji biashara hiyo ya vipuri, ikamnyima fundi kazi, na mtoto wa shule ikamwacha gizani.

Wapo watakaosema kwamba mteja wa kijijini hana shilingi 30,000 za mkupuo. Ni kweli, ndiyo maana mwenye duka mwenye busara humkubalia kulipa kidogo kidogo, au huagiza taa ya bei ya kati yenye skrubu na betri inayopatikana. Mpango wa Lighting Africa, ulioanzishwa na Benki ya Dunia mwaka 2007, ulionyesha kuwa taa ndogo za sola zinaweza kupimwa ubora kabla ya kufika sokoni na kuuzwa zikiwa na dhamana. Mwagizaji anayo haki ya kudai hivyo kwa taa za kuchaji pia.

Kabla ya kulipia katoni, mfanyabiashara afungue taa moja kwa bisibisi. Ikigoma kufunguka, au betri yake ikiwa haipatikani Korogwe wala Tanga, aiache hapohapo kwa muuzaji wa jumla. Fedha yake itapata bidhaa nyingine.