Mshipi Haujisokoti

Kuna kauli ninayoisikia kila mwisho wa juma ufukweni mwa Ziwa Naivasha, na nimechoka kuisikia: "Huu mshipi ni feki." Anayeisema huwa ameketi ukingoni mwa mashua, fimbo kaibana mapajani, vidole vikichokonoa rundo la nailoni lililojiviringa kama nywele zisizoona kitana. Anaisema kwa uhakika wa hakimu anayesoma hukumu. Kisha anatoa kisu, anakata mita arobaini, anazitupa kando, na akirudi Nairobi anapitia dukani kununua mshipi wa bei ya juu zaidi. Juma linalofuata utamkuta palepale, na rundo lilelile.

Nasema bila kuzungukazunguka: mshipi haujisokoti. Sisi ndio tunaousokota, kwa mikono yetu, tangu asubuhi tunapoteremsha mashua hadi jioni tunapoipandisha. Imani kwamba kosa ni la kiwanda au la mwenye duka inatuponza mara mbili, maana inakula pesa zetu na inatunyima nafasi ya kujifunza.

Samaki tunayemfuata hapa ni besi mwenye mdomo mpana, mgeni kutoka Marekani aliyeletwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Amelizoea ziwa. Anajibanza kwenye vivuli vya mafunjo na kwenye magugu, anawawinda kamba wekundu wa Louisiana walioingizwa ziwani mwaka 1970, na akinasa kwenye ndoana anaruka juu ya maji kisha anakimbilia mizizi. Kumvua kwa chambo chepesi kunahitaji mshipi mwembamba na rili ndogo. Hapo ndipo msokoto unapotutesa, kwa sababu mshipi mwembamba hausamehe.

Tuanze na rili yenyewe, ile inayoning'inia chini ya fimbo. Bobini yake imesimama tuli ikitazama mbele. Unaporusha, bobini haizunguki. Mshipi unatoka kwa kuruka ukingo wake, duara baada ya duara. Unapovuta, bobini bado imetulia. Kichwa chenye upinde wa waya ndicho kinachoizunguka na kuuviringisha mshipi juu yake. Kama unataka kuona maana yake kwa macho, chukua utepe bapa wa kufungia zawadi. Simamisha kibiringo chake mezani, uuvute utepe kwa juu. Kila duara linalotoka linaacha msokoto mmoja. Sasa pitisha kalamu katikati ya kibiringo, uuvute huku kikizunguka. Utepe unatoka bapa, hauna hata pindo.

Bobini nyingi za kuvulia besi zina kipenyo cha milimita 45 hivi, yaani duara moja ni kama sentimita 14. Rusha mita 25, na maduara yapatayo 175 yameruka ukingo. Ukivuta, kichwa kinayarudisha kwa mwelekeo wa kinyume, na hesabu inakaribia kufutana yote. Kwa hiyo kurusha na kuvuta, kukifanywa inavyopasa, hakumharibii mtu mshipi. Deni linaanza pale maduara ya kuingia yasipolingana na ya kutoka, na kwa kawaida anayevuruga ulinganifu huo ni yule aliyeshika mpini.

Wazee wa kazi hii waliligundua jambo hili zamani. Mwaka 1884, huko Perth, Uskoti, Peter Duncan Malloch alipata hataza ya rili ambayo bobini yake iligeuzwa upande wakati wa kurusha, kisha ikarudishwa ili kuvuta mshipi kwa kuzunguka. Mshipi ulitoka kwa kuruka ukingo lakini haukuingia kwa njia hiyo, kwa hiyo kila mrusho uliuongezea msokoto. Dawa iliwekwa kwenye rili: bobini iliweza kugeuzwa mbele nyuma, ili mirusho iliyofuata isokote upande wa pili na kuifuta ya kwanza. Mwaka 1905 Alfred Holden Illingworth, tajiri wa viwanda vya sufu mjini Bradford, Uingereza, akapata hataza ya rili yenye bobini isiyozunguka, mama wa hizi tulizo nazo leo. Nailoni tunayoilaani ilitangazwa na kampuni ya DuPont mwaka 1938. Piga hesabu mwenyewe. Wavuvi walikuwa wakipambana na msokoto zaidi ya miaka hamsini kabla ya nailoni kuwapo duniani. Itakuwaje basi nailoni ndiyo mshitakiwa wa kwanza?

Wanawake wa Paje na Jambiani, kule Unguja, wanaosokota kamba za usumba, wangetucheka wakitusikia. Wao wanajua kwamba usumba ukiachwa juu ya mkeka utabaki usumba hadi kiyama. Kamba inapatikana pale kiganja kinapousukuma, mara hii na mara ile, upande uleule, mpaka nyuzi mbili zinapokumbatiana. Kila msokoto una kiganja chake. Tukitaka kujua nani kasokota mshipi wetu, tuangalie viganja vyetu.

Nitaeleza nilichokiona kwa macho yangu. Mwaka jana nilipanda mashua na kijana mmoja aliyekuja na mshipi mpya, lebo ya bei ingali kwenye kasha. Saa tatu asubuhi, karibu na ukuta wa mafunjo, akanasa besi mzuri. Breki ya rili yake ilikuwa imelegea mno. Samaki akaelekea kwenye mizizi, breki ikaanza kulia, na kijana kwa hofu akawa anazungusha mpini kwa nguvu zake zote. Nikahesabu. Alizungusha mara thelathini na mshipi haukuingia hata kwa shubiri.

Rili ile ilikuwa na giya ya tano kwa moja, maana yake mpini ukizunguka mara moja, kichwa kinazunguka mara tano. Breki inapoteleza na mshipi hauingii, mizunguko hiyo haina pa kwenda ila ndani ya mshipi. Mara thelathini ni misokoto 150 kwa samaki mmoja, katika dakika isiyotimia. Samaki akapatikana, tukampiga picha, tukamrudisha majini. Mrusho uliofuata, mshipi ulipolegea kidogo, ukaruka kutoka kwenye bobini kwa mafundo na kujinyonga kwenye pete ya kwanza ya fimbo.

"Mzee, umeona?" akaniambia. "Nimeuziwa feki."

"Kijana wangu," nikamjibu, "kata hicho chambo unipe dakika tano."

Tukaweka ndoana pembeni, mshipi ukabaki mtupu, hauna hata fundo mwishoni. Nikamwomba nahodha aelekee Crescent Island polepole, nasi tukauachia mshipi nyuma ya mashua mita 70 hivi. Maji yakaukamata na kuunyoosha, na ile misokoto ikatokea kwenye ncha iliyo huru. Baada ya dakika nne kijana akauvuta ndani akiubana kwa vidole viwili. Akavua nao hadi jioni. Mshipi ulikuwa uleule, kutoka duka lilelile, na haukumsumbua tena, kwa sababu alikaza breki kidogo na akajifunza kutulia samaki anapokimbia: mpini unasimama, fimbo inainuliwa, kisha unavuta huku ukiishusha fimbo.

Kuzungusha mpini breki ikiteleza ndilo kosa kubwa kuliko yote, lakini lina ndugu zake. La kwanza ni kuufunga upinde wa waya kwa kuzungusha mpini. Tunapenda ule mlio wake, tunajiona mafundi. Kumbe mshipi ukiwa umelegea wakati upinde unapojifunga, kitanzi kinalala juu ya bobini, na mrusho ujao kinatoka pamoja na wenzake kumi. Ufunge upinde kwa mkono, uvute mshipi kidogo ukae vizuri kwenye kiroda cha upinde, ndipo uzungushe. Ni tendo la sekunde moja. Na hicho kiroda kiangaliwe: kikikwama kwa mchanga au kutu, mshipi hautelezi tena juu yake bali unakwaruzwa na kukunjwa kutwa nzima.

La pili ni kuijaza bobini pomoni. Mtu analipia mita 150 anataka ziingie zote, hata zikimwagika ukingoni. Acha nafasi ya milimita tatu chini ya ukingo. Na siku ya kujaza, usimwamini anayekuambia kwamba lebo ikitazama juu kila kitu kitakuwa sawa, wala anayekuambia uitumbukize bobini kwenye ndoo ya maji. Weka kasha la mshipi sakafuni, zungusha mpini mara kumi na tano, kisha usimame na kuulegeza mshipi. Ukitulia, endelea. Ukianza kujinyonganyonga, ligeuze kasha uso wa pili. Jaribio hilo halidanganyi, lebo ikitazama popote.

La tatu ni chambo. Mnyoo wa plastiki uliotungwa kombo kwenye ndoana hauogelei, unazunguka kama pangaboi, na kila unapozunguka unausokota mshipi. Kabla ya kurusha, uburute majini kando ya mashua uutazame. Ukizunguka, uchomoe uutunge upya. Wavuvi wengi hawana subira ya kutazama kwa pumzi mbili, halafu wanapoteza nusu saa wakifumua mafundo.

Hapa mtetezi wa imani ile ataleta hoja zake, na nitazijibu kwa heshima. Atasema mishipi mibovu ipo. Ni kweli ipo. Nailoni iliyochomwa na jua dirishani mwa duka kwa mwaka mzima inakauka na kukatika, na ile ya bei ya chini mara nyingi inashika umbo la bobini, ikitoka inajikunja kama springi. Lakini kujikunja si kusokoteka, na ni lazima tujifunze kuvitofautisha. Shika mshipi kwa mikono miwili, nusu mita kati yake, kisha sogeza mikono pamoja. Ukining'inia kama kamba ya bembea, hauna msokoto, hata ukiwa na mawimbimawimbi. Ukijizungushia wenyewe ukawa kamba ya nyuzi mbili, umesokotwa. Kati ya mishipi niliyoletewa na watu wakilalamika kwamba ni feki, mingi ilikuwa ya aina hii ya pili.

Atasema pia: "Nitafunga swiveli, yamekwisha." Swiveli, kile kichuma chenye pete mbili zinazozunguka, ina kazi yake, hasa kwa chambo chenye bapa linalozunguka, na ile yenye gololi ndani inafanya kazi vizuri kuliko ya kawaida. Lakini swiveli ya kawaida kwenye mshipi mwembamba mara nyingi haizunguki kabisa, kwa kuwa msokoto mwepesi hauna nguvu ya kuizungusha. Na haiwezi kumzuia mtu kuzungusha mpini breki ikiteleza. Anayeitegemea hiyo peke yake ameweka mlinzi kwenye lango la mbele, na mwizi yuko ndani ya nyumba ameshika mpini.

Nimekuwa mkali, na nina sababu. Zile mita arobaini zinazokatwa na kutupwa haziozi. Zinanasa kwenye mafunjo, na mafunjo ya Naivasha ni nyumba ya watu. Nimewahi kumkuta mnandi akining'inia kwa bawa moja, mshipi umemzunguka shingo na kidole cha mguu, na kichwa chake kimeshaanza kukauka juani. Ule mshipi niliufumua kwa mkono. Nilipousogeza pamoja ukajizungushia palepale, ukawa kamba. Haukuwa umekatika popote, haukuwa na alama ya jua wala mkwaruzo. Ulikuwa mshipi mzima, uliotupwa na mtu aliyeamini kwamba ni feki.

Nami miaka yangu ya mwanzo nilitupa mishipi ya namna hiyo, na sijui iliishia wapi. Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Lakini mnandi yule hakujichoma mwiba, aliubeba wetu.

Kwa hiyo ombi langu kwa kila mvuvi wa besi ni hili. Siku mshipi utakapojinyonga mkononi mwako, kabla ya kutaja duka, fanya lile jaribio la mikono miwili. Ukijizungusha, uachie mtupu nyuma ya mashua kwa dakika chache. Ukiwa nchi kavu, utandaze kwenye nyasi uupitishe vidoleni mpaka ncha. Kisha kaza breki inavyotakiwa, ufunge upinde kwa mkono, na utazame chambo chako kikipita majini. Na kama kweli mshipi umekufa, uviringe kwenye kopo urudi nao nyumbani. Kijana wangu yule sasa ana kopo la namna hiyo chini ya benchi la mashua. Mara ya mwisho nilipolifungua lilikuwa na vipande vitatu vifupi vya mafundo, akiba ya msimu mzima.