Mapenzi ya Barazani Hayahesabiwi Kituoni



Yako maneno tuyasikiayo kila uchaguzi ukikaribia, nayo ni haya: "Shehia hii ni yetu." Husemwa barazani, husemwa sokoni, husemwa bandarini watu wakingojea ngalawa. Na aghlabu ni kweli. Chukueni shehia yoyote ya shamba katika kaskazini ya Pemba, yenye msikiti wake, skuli yake na maduka yake mawili matatu; muulizeni mtoto atokaye chuoni nyumba ipi ni ya chama gani, naye atawahesabieni mlango kwa mlango. Siasa huku haifichwi. Mtu huirithi kama anavyorithi mikarafuu ya babu yake, na zamani ilipata kuwatenga watu hata katika mazishi; twamuomba Mwenyezi Mungu siku hizo zisirudi.

Lakini mapenzi ni kitu kimoja, na karatasi iliyomo sandukuni ni kitu kingine. Sisi tunaoshinda nyuma ya meza ya duka twalijua jambo hili: mteja alisifuye duka kisha akenda zake mikono mitupu hakuacha hata senti.

Wazee wetu wanaikumbuka Januari 1961, uchaguzi ambao wanawake wa Visiwani walipiga kura kwa mara ya kwanza. Viti vilikuwa 22. Afro-Shirazi walipata 10, Hizbu 9, na chama cha Watu wa Unguja na Pemba 3. Katika hivyo 10 vya Afro-Shirazi, kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja. Moja tu! Wale watatu wa chama cha tatu wakagawanyika, wawili wakenda kwa Hizbu na mmoja kwa Afro-Shirazi, ikawa 11 kwa 11, serikali ikashindwa kuundwa. Ukaitishwa uchaguzi mwingine mwezi wa Juni, nao ulifuatwa na ghasia zilizoua watu 68. Hatusemi haya kwa kupendelea upande wowote wa zama zile, maana babu zetu walikuwa huku na mabinamu zao kule. Twauliza tu: ni nani pale Chake Chake aliyebaki kitandani siku ile kwa kuumwa na kichwa?

Na mwaka 1995, upinzani uliposhinda majimbo yote 21 ya Pemba, urais wa Zanzibar ulitangazwa kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8, tofauti ya kura 1,565 kwa visiwa vyote. Yaliyosemwa juu ya hesabu ile yanajulikana wala hatuyarudii. Ila hata kwa hesabu iliyotangazwa, shehia chache za shamba zingeweza kuijaza tofauti hiyo.

Basi ni kwa nini mtu wa shamba, ambaye msimamo wake haumshuku yeyote, haonekani katika foleni? Wengine wako dago, kisiwa cha mbali, na pepo hazikuwapa ruhusa ya kurudi. Wengine wako juu ya mikarafuu, kwa kuwa Oktoba katika mwaka wa neema karafuu hazingoji mtu. Vijana wamekwenda Tanga, Mombasa na Dar es Salaam kutafuta riziki. Wako na wasioandikishwa, kwa kuwa hawana kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na safari ya kitambulisho huanzia kwa sheha, na mlango wa sheha si kila mtu huufungukia upesi. Hao wote wana udhuru, na udhuru hutafutiwa dawa.

Ugonjwa mkubwa ni mwingine, nao ni kususa. Uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba 2015 ulifutwa siku tatu baadaye, na uliporudiwa tarehe 20 Machi 2016 upinzani ulisusa. Sisi tulikuwa miongoni mwa waliounga mkono uamuzi ule, na hatulikani. Mgombea wa chama tawala akatangazwa kwa asilimia 91.4. Lililokusudiwa kuwa la siku moja likawa mazoea kwa baadhi yetu, na tangu hapo mtu hukaa kitako akasema, "Nipige kura ya nini, na wao watafanya watakalo?" Wakubwa walisema, ukisusa wenzio hula.

Hatumdharau asemaye hivyo. Aliyefutiwa kura yake ana haki ya uchungu, na sisi hatumuahidi kwamba safari ijayo mambo yatanyooka; hiyo ingekuwa kuuza bidhaa isiyokuwamo ghalani. Lakini na azingatie hili: kilichofutwa mwaka 2015 ni kura zilizopigwa. Kura isiyopigwa haina haja hata ya kufutwa. Wakala wetu akae kituoni tangu alfajiri hadi usiku, atalinda nini ikiwa waliokuja ni wachache? Fomu ya matokeo ndiyo shahidi wetu pekee, na shahidi hawezi kutaja jina la asiyehudhuria.

Kwa hiyo twayataka matawi ya shamba yaanze daftari sasa, wala yasingoje Septemba 2030. Liandikwe: nani ana kitambulisho na nani hana, nani huenda dago na mwenye chombo ni nani, bibi yupi haoni njia, na kijana yupi atamshika mkono. Aliyezaliwa mwanzoni mwa mwaka 2012 atakuwa mpiga kura ifikapo uchaguzi huo, naye leo yuko skuli wala hakuna aliyemuandika. Asiyeridhia jina lake liandikwe aachwe kwa heshima zake.

Tawi lisilokuwa na daftari na limtume mtu dukani kwetu na barua ya katibu. Madaftari yapo, na bei yake hatutamuuliza.