Maji Yaliyosimama: Mabwawa ya Kuogelea ya Hoteli



Mzazi mmoja wa Bagamoyo ametuletea swali ambalo tumeona lafaa kujibiwa mbele ya wasomaji wote. Siku ya Idi aliwachukua wanawe kwenda kuogelea katika bwawa la hoteli moja, katika hizo zilizojipanga pwani tangu Kunduchi na Mbweni hata Bagamoyo mjini. Siku ya tatu wawili wakaharisha, na wa tatu akalia sikio usiku kucha. Auliza: je, maji yale yalikuwa najisi, na sala ya Alasiri waliyoisali baada ya kutoka majini waikidhi? Na kama hayakuwa najisi, maradhi yametoka wapi, ilhali maji yalikuwa maangavu, na yalinuka dawa hata macho yakawasha?

Hatuwezi kulihukumu bwawa lile kwa mbali. Pilau ya Idi iliyolala sufuriani tangu asubuhi nayo huharisha. Lakini swali lenyewe lina mambo mawili ambayo watu huyachanganya, nayo ni tohara na salama ya mwili.

Katika madhehebu yetu ya Shafii, maji yakifikia kula mbili, ambazo wanazuoni wa zama hizi wengi huzikadiria kuwa lita mia mbili na kitu, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, au harufu, au ladha. Bwawa la hoteli lenye urefu wa mita 20, upana wa mita 10 na kina cha mita moja na nusu lina lita 300,000. Basi ni maji mengi mno, na mtoto mmoja akikojoa humo maji hubaki tahiri. Kwa hiyo sala ni sahihi, wala hakuna cha kukidhi. Na harufu ya dawa haidhuru tohara maadamu maji hayajaondokewa na jina la maji.

Lakini kijidudu cha maradhi hakibadilishi rangi, wala harufu, wala ladha. Maji yaweza kuwa tahiri kwa hukumu ya fikihi na yakamlaza mtoto kitandani wiki nzima. Ndiyo sababu haifai mtu asome mlango wa kula mbili peke yake akaridhika, kwani Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyosimama kisha akaoga humo humo. Akakataza pia mwenye janaba kujitumbukiza katika maji yaliyosimama. Abu Huraira (r.a.) alipoulizwa afanyeje basi, alijibu kwamba achote. Hakuna aliyeambiwa apime kwanza kama maji ni mengi au machache. Katazo limemshika mwogaji kabla hajagusa maji.

Wazee wetu wa pwani walilielewa neno hili vizuri. Anayekwenda Kaole, karibu tu na mji wa Bagamoyo, ataona magofu ya msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13, na kisima cha maji baridi kisicho mbali na bahari. Katika misikiti mingi ya kale ya mwambao palikuwa na birika la kutawadhia, na mawe ya kusugulia miguu kabla ya kuingia. Mtu alichota kwa kata, akajimiminia pembeni. Mtoto aliyechovya mguu birikani alipata kofi la mzee wa kwanza aliyekuwa karibu, awe babu yake au asiwe. Leo mtoto yule yule apelekwa kwenye bwawa waliloingia watu mia tangu asubuhi, naye aingia na vumbi la barabara ya Mapinga mwilini, na hakuna anayemwambia neno.

Wasomaji watasema: lakini bwawa la hoteli hutiwa klorini. Kweli, na klorini ni neema kubwa. Ikiwamo kwa kadiri ya miligramu moja katika kila lita, na maji yakiwa na hali inayofaa, huwaua bakteria wengi wa choo, kama wale wa koli, kwa muda usiofika dakika moja. Kirusi cha homa ya ini aina ya A huchukua kama dakika 16. Kijidudu kiitwacho jiadia huchukua kama dakika 45. Na kipo kimoja, kriptosporidiamu, kilichovikwa gamba gumu, ambacho katika klorini hiyo hiyo huishi zaidi ya siku kumi. Hiki ndicho kilichoingia katika maji ya bomba ya mji wa Milwaukee, Marekani, mwaka 1993, na watu wapatao 400,000 wakaugua. Basi mwenye kuharisha akiingia bwawani, klorini haitawaokoa wenziwe jioni ile.

Na klorini yenyewe haikai. Jua kali la pwani yetu huweza kula nusu yake kwa muda usiofika saa moja, isipokuwa imetiwa dawa ya kuihifadhi, nayo dawa hiyo ikizidi huidhoofisha klorini. Jasho huila, mkojo huila, mafuta ya nywele huila. Tena maji yenye chokaa, kama yale ya visima vilivyochimbwa katika matumbawe, kipimo chake cha pH huelekea kupanda. Kinachotakiwa ni baina ya 7.2 na 7.8. Kikifika 8, nguvu ya klorini iliyomo hushuka chini ya nusu ya ile iliyokuwapo kwenye 7.2. Sasa fikirieni siku ya Idi: dawa imetiwa alfajiri, jua limewaka, watu wamejaa tangu baada ya Adhuhuri, na pengine umeme umekatika na pampu ya kuchuja imesimama. Saa kumi za jioni, wakati watoto wamo tele, bwawa halina ulinzi ila rangi yake ya samawati.

Ama ile harufu iliyomwasha macho ndugu yetu, yeye aliidhania kuwa ni dalili ya usafi. Sivyo. Bwawa lililotunzwa vyema halinuki sana. Harufu kali hutoka pale klorini inapochanganyika na jasho na mkojo. Ni klorini iliyokwisha tumika.

Na sikio? Yuko bakteria aitwaye sudomonasi, apendaye joto na unyevu, akaaye katika utelezi unaogandamana na kuta za bwawa na mabomba yake. Huyu huleta maumivu ya sikio na vipele vya ngozi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 wataka asipatikane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya bwawa linalotiwa dawa mfululizo, na vivyo hivyo bakteria wa koli.

Habari ya sitara majini ni mlango wake, leo hatuugusi. Wala hatusemi watoto wasiogelee. Mtoto wa pwani asiyejua kuogelea ni huzuni ya mamaye. Lakini mzazi, kabla hajavua viatu, asimame ukingoni atazame: je, aona wazi tundu la kutolea maji lililo chini kabisa, penye kina kirefu? Kama halionekani, arudi na wanawe. Apitishe mkono ukutani chini ya maji; pakiteleza kama samaki, arudi. Amwulize mtunza bwawa lini mara ya mwisho amepima klorini na pH, na amwonyeshe daftari. Kuuliza si utovu wa adabu, fedha ya kiingilio umetoa. Maafisa wa afya nao wamepewa uwezo wa kukagua na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na mwananchi akiona uchafu aweza kuwapelekea habari.

Kisha atazame upande wake mwenyewe. Mwili wa mtu huingia majini na athari ya choo isiyoonekana, kadiri ya sehemu moja ya saba ya gramu. Basi watoto wastanji na waogeshwe kwa sabuni kabla ya kuingia, wala si baada ya kutoka tu. Wapelekwe chooni kila baada ya saa. Wakanywe kumeza maji. Na wakitoka masikio yakaushwe kwa kitambaa. Aliyeharisha asiingie, na akipona akae wiki mbili ndipo aingie, kwani kile kijidudu cha gamba huendelea kumtoka.

Wale watoto wawili wa ndugu yetu bado hawajatimiza wiki mbili. Sikio la wa tatu lisitiwe mafuta ya nazi ya moto, kama tulivyosikia jirani ameshauri, bali apelekwe kwa daktari.