Mzee, Gari la Viti Saba na Galoni ya Dola 5

Kwenye kipindi cha wiki hii tuliongelea magari ya wazazi wetu, nikaahidi kuandika kisa cha mzee wangu. Haya, tuanze.

Juni 2022, wastani wa bei ya petroli Marekani ulifika dola 5 kwa galoni, mara ya kwanza kabisa. Sisi tunakaa Alexandria, karibu na Duke Street, na mzee anabeba abiria wa kuitwa kwa simu: National, Dulles, mjini D.C., kisha arudi. Maili 200 kwa siku si ajabu. Gari lake lilikuwa Toyota Highlander ya viti saba, maili 20 kwa galoni. Piga hesabu: galoni 10, dola 50 kila siku, hata andazi hajala.

Jioni akampigia baba mdogo, Dar, kulalamika. Baba mdogo akacheka. "Kaka, hebu gawa kwa lita." Galoni ni kama lita 3.8, kwa hiyo dola 5 ni kama dola 1.32 kwa lita, zaidi kidogo ya shilingi 3,000 za wakati ule. Na Dar, katikati ya mwaka uleule, lita ilivuka shilingi 3,000! Yaani bei karibu sawa, mishahara mbingu na ardhi. Ndiyo maana barabara za Dar zimejaa IST na Vitz. Magari makubwa watu wanayapenda sana, ila bei ya mafuta imeshawaamulia.

Huku kwetu tunaamka bei ikipanda, ikishuka tunalala tena. Mei 2008, petroli ikiukaribia dola 4, Honda Civic iliuzwa kuliko Ford F-150. Bei iliposhuka, F-150 ikarudi kileleni.

Mzee akataka haibridi. Mama akagoma. "Wageni wakija na mabegi yao tutawapakia wapi? Na siku ya msiba je?" Hoja hiyo, jamani, kwa sababu gari la viti saba kwetu ni la ukoo mzima. Ila mwezi ule ada ya shule ya mdogo wangu, binti wa baba mdogo, ilichelewa kutumwa. Pesa ilikuwa imeishia kwenye tangi. Mama aliposikia, akanyamaza. Asubuhi akasema neno moja tu: "Uza."

Mzee aliongeza dola 6,000 kupata haibridi ya maili 50 kwa galoni. Sasa ni galoni 4 kwa siku, dola 20. Anaokoa 30, na deni linarudi kwa siku 200 za kazi. Lakini bei ikashuka, na ikifika dola 3 anaokoa 18 tu, siku zinapita 300. Tena Virginia, tangu 2020, inatoza magari yanayokula mafuta kidogo ada ya barabara wakati wa usajili.

Alikosea? Hapana, kwa sababu anaendesha kila siku. Mimi napanda DASH, basi la bure tangu 2021, na gari naligusa Jumapili. Haibridi ya dola 6,000 zaidi ingenizeesha kabla hijarudisha pesa. Kwa hiyo kabla ya kununua, usiangalie tu bei ya leo kwenye kituo cha mafuta. Jiulize unaendesha maili ngapi, na nani anasubiri chenji.

Ada haijachelewa tena. Wageni wakija, tunaenda Dulles na magari mawili, na mama analalamika njia nzima.