Mafuta ya steroidi yasiuzwe kiholela kutibu choa

Mzazi akimwona mtoto ana choa, au mashilingi kama wengi wetu tunavyoyaita, hukimbilia duka la dawa na kuuziwa mafuta yenye steroidi. Baada ya siku mbili mwasho umepungua, wekundu umefifia na kila mtu ameridhika. Kwa maoni yangu, uuzaji huu wa kiholela unafaa kukomeshwa, na sababu imo katika kazi inayofanywa maabarani.

Watafiti hukuza tabaka la juu la ngozi ya binadamu katika vyombo vidogo, wakaweka juu yake mbegu za kuvu aina ya Trichophyton na kutazama yanayotokea. Mbegu hunata kwa saa chache tu, kisha huanza kuota. Seli za ngozi hazikai kungoja msaada. Zenyewe hutoa kemikali za kupiga mbiu, na katika mwili wa mtu chembe nyeupe za damu huitikia mbiu hiyo. Wekundu na mwasho unaomkera mtoto ni sehemu ya vita hivyo. Steroidi huizima mbiu, lakini kuvu haifi. Huendelea kutambaa, na alama zake hubadilika hata daktari akashindwa kuitambua.

Ngozi ya chomboni haina damu wala jasho, kweli, na haiwezi kutueleza yote. Lakini nani asiyeona uzito wa kinga hii? Mnamo 2013 watafiti walieleza habari za wagonjwa 17 kutoka Afrika Kaskazini, waliozaliwa na hitilafu katika jeni ya CARD9, ambayo husaidia kupitisha mbiu hiyo ndani ya chembe za kinga. Kuvu hizi za kawaida zilipenya ndani ya miili yao, na baadhi yao walifariki.

Kuna kipimo rahisi. Mhudumu hukwangua magamba ya ngozi, akayatia potasiamu haidroksaidi na kuyatazama kwa darubini. Zahanati yenye darubini ya kupimia malaria yaweza kukifanya. Kuvu ikionekana, choa cha mwilini hutibiwa kwa mafuta ya kuua kuvu, yasiyo na steroidi. Kile cha kichwani huhitaji vidonge kwa wiki kadhaa, kwa sababu kuvu huwa imeingia ndani ya nywele ambako mafuta hayafiki.