Chungu Kimoja, Vijiti Vingi

WAHENGA walinena: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Usemi huo haujanitoka akilini tangu Jumamosi moja jioni nilipowaalika rafiki zangu nyumbani kwangu, hapa Nairobi, kula chakula ambacho Wachina hukiita huoguo, yaani chungu cha moto.

Tulikuwa watu sita barazani. Wawili walikuwa majirani zangu Wachina, bwana na bibi. Mmoja ndugu yetu wa Mombasa, mtu mwenye kuishika dini yake. Na sisi wengine watatu watu wa bara.

Msomaji asiyeujua mlo huu na afahamu kwamba hauna mpishi. Sufuria ya supu hutiwa motoni katikati ya walaji, ikawa inatokota muda wote. Nyama iliyokatwa nyembamba kama karatasi, kabichi, uyoga na tambi huletwa mbichi. Kila mtu huchovya chake kwa vijiti, akangoja kidogo, akala. Hata matumbo, ambayo mama zetu huyachemsha kwa saa nyingi, watu wa Chongqing huyachovya kwa muda wa sekunde 15 tu. Rafiki yangu mmoja aliapa kwamba hatayagusa. Alikula sahani mbili.

Lakini ndugu yetu wa Mombasa alikuwa kimya. Nilijua alilokuwa akiliwaza: mnyama huyu kachinjwa na nani, na ndani ya supu mna nini? Wala hakukosea kuuliza. Supu ya Chongqing huungwa kwa shahamu ya ng'ombe na pilipili kali, na nyama ya nguruwe ni kitoweo cha kawaida kwa Wachina wengi. Nikamwambia kwamba sufuria ni mpya, na nyama nimeinunua kwa mchinjaji Mwislamu. Hapo jirani yangu Mchina akadakia. Huko Beijing, alisema, mkahawa maarufu kwa kondoo wa chungu ni Donglaishun, ulioanzishwa mwaka 1903 na Ding Deshan, Mwislamu wa kabila la Wahui.

"Kumbe ndugu zangu wamenitangulia!" akasema mgeni wetu, akashika vijiti.

Jambo la pili lilikuwa hivyo vijiti vyenyewe. Mapema mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozuka, jamaa kadhaa wa ukoo mmoja waliokula chungu pamoja Hong Kong waliambukizwa. Baadaye serikali ya China iliwahimiza watu watumie vijiti vya kupakulia, mbali na vya kulia. Nami nilimwekea kila mgeni jozi mbili. Yule bibi akacheka, akasema kwamba mama mkwe wake angeona anatengwa. Hata hivyo alivitumia, na hakuna aliyetengwa.

Kwa nini nayaandika haya? Kwa sababu reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilipofunguliwa mwaka 2017, wengi tulidhani kwamba kufanya kazi pamoja kungetujulisha sisi kwa sisi. Mwaka uliofuata magazeti yetu yakachapisha malalamiko ya wafanyakazi Wakenya wa reli hiyo kwamba hawakuruhusiwa kuketi meza moja na Wachina wakati wa chakula. Mtu anaweza kuvumilia kazi ngumu. Kuondolewa mezani ni tusi asilolisahau.

Sidai kwamba sufuria ya supu ni dawa. Mishahara, vyeo na madeni ya taifa havimalizwi kwa kondoo. Hivyo ni vya kuzungumzwa ofisini, bungeni na mahakamani. Wahenga walijua hivyo walipotuonya kwamba mla nawe si lazima awe ndugu yako.

Lakini niliona jambo jioni ile. Kwenye chungu kimoja, mtu hulazimika kuuliza: wewe huli nini? Unaogopa nini? Nikusogezee kipi? Maswali hayo mepesi ndiyo tusiyoulizana kazini. Mgeni wa Mombasa alipoaga, aliwaalika majirani zangu kwake kula wali wa nazi, kwenye sinia moja, kwa mkono, bila vijiti. Bwana yule Mchina alivitazama vidole vyake, kisha akakubali.