Viti vya mashua navyo vitengenezwe
Ziwa Mweru, upande wa Zambia, hufungwa kwa uvuvi kila mwaka, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, na mashua zikiwa zimevutwa mchangani Kashikishi na Nchelenge, huo ndio wakati wa kushughulikia kitu ambacho mafundi wetu hukisahau: viti. Mbao za ubavuni huzibwa vizuri, lakini mama anayekwenda kisiwa cha Kilwa na mtoto mgongoni bado hukalia ubao mwembamba uliopigiliwa misumari, miguu yake ikiwa ndani ya maji ya ngama. Hilo linaniuma, kwa sababu dawa yake ni rahisi. Tandika sakafu ya vipande vya mbao vilivyoachana upana wa kidole, wala usiipigilie; iwe ya kuinuliwa, ili maji yachotwe na panapovuja paonekane. Kiti nacho king'olewe misumari, kifungwe kwa skrubu, na kingo zake zipigwe randa hadi zisikate mapaja. Chini yake jenga sanduku lenye mfuniko: unga na nguo hubaki vikavu, na uzito ukikaa chini chombo hutulia mawimbi yanapoanza. Kwenye kituo cha wakimbizi cha Kenani na makazi ya Mantapala kuna maseremala waliokimbia vita Kongo mwaka 2017 na baadaye, wanaotafuta kazi. Wenye mashua, wapeni kazi hii kabla ya Machi, na kwa malipo ya haki. Ila majaketi ya kujiokolea yasifungiwe sandukuni kamwe. Abiria ayavae tangu ufukweni.